Chai na vitafunio vya usiku wa mbalamwezi: desturi ya China, Vietnam, Korea au Japani?

Usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa nane katika kalenda ya jadi ya Kichina, mwezi unapokuwa mpevu na mavuno ya mpunga, magimbi na mabalungi yameanza kuingia majumbani, familia za China, Vietnam, Korea na Japani huutazama mwezi uleule, lakini hazili kitu kimoja wala hazinywi kinywaji kimoja. Kwa mtu aliye mgeni wa sikukuu hii, iitwayo Sikukuu ya Katikati ya Vuli, awe mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko Guangzhou, mfanyabiashara wa Mombasa aliyealikwa na washirika wake wa Kichina, au mpenda chai aliyeko kwake tu na anayetaka kuuadhimisha usiku huo kwa utaratibu unaoeleweka, swali la kwanza ni kwamba afuate desturi ipi. Ulinganisho huu unahusu chai na vitafunio; taa, ngoma na ibada za wahenga zitatajwa pale tu zinapobadilisha kile kinachowekwa mezani.

Tarehe haina utata mkubwa. Kalenda hiyo hufuata mwezi na jua kwa pamoja, na huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, kwa hiyo sikukuu haizunguki majira yote ya mwaka kama zinavyozunguka Ramadhani na Idi, ila hubaki kati ya wiki ya pili ya Septemba na wiki ya kwanza ya Oktoba. Mwaka 2025 mwezi wa sita ulirudiwa, ndiyo maana sikukuu ilichelewa hadi tarehe 6 Oktoba. Mwaka 2026 inaangukia Ijumaa, tarehe 25 Septemba, katika nchi zote nne, ingawa mwezi wenyewe unakamilika usiku unaofuata, jambo ambalo Wachina hawalioni kuwa kasoro, kwa sababu wao wenyewe husema kwamba mwezi wa tarehe 15 huwa mviringo zaidi tarehe 16.

Chai na kitafunio: kipi kinamhudumia mwenzake

Tofauti kubwa kati ya desturi hizi imo katika uhusiano wa chai na kitafunio, wala haimo katika umbo la keki au uzuri wa vyombo. Kusini mwa China chai huja pamoja na keki, na kazi yake ni kuyaondoa mafuta na sukari kinywani ili mtu aweze kuendelea kula. Sikukuu ni ya keki. Japani mambo yamegeuka: katika utaratibu rasmi wa chai kitafunio huliwa kwanza kikaisha, ndipo chai chungu inywewe juu ya utamu uliobaki ulimini, na chai ndiyo iliyokusudiwa tangu mwanzo. Vietnam vitu hivi viwili hupewa uzito unaokaribiana, kwa kuwa vyote hutiwa harufu ya maua. Korea chai ina nafasi ndogo usiku huo, na mahali pake pamechukuliwa na vinywaji baridi vya nafaka na viungo. Msomaji aliyekulia pwani, ambako kahawa chungu hunywewa kwa kashata au halua, anaifahamu tayari kanuni inayotawala meza hizi zote, nayo ni kwamba utamu hupimwa kwa uchungu unaoandamana nao.

Ndiyo maana nashauri kwamba mtu asianze kwa kuchagua nchi inayompendeza. Aamue kwanza kama anataka jioni ya keki au jioni ya chai, maana akishaamua hilo, mengine mengi hujipanga yenyewe.

Keki ya Guangdong na chai inayoiweza

Keki ya mwezi inayojulikana zaidi ni ile ya mkoa wa Guangdong, ambayo ndiyo huuzwa Hong Kong, Singapore, Malaysia na katika maduka ya Wachina popote walipohamia. Kinyunga chake hukandwa kwa unga wa ngano, mafuta ya karanga, shira nzito ya sukari iliyochemshwa na limau hadi ikawa ya rangi ya dhahabu, na maji ya magadi kidogo sana, ambayo hupunguza uchachu wa shira na kuisaidia keki kushika rangi ya kahawia inapookwa. Ndani hutiwa rojo la mbegu za yungiyungi zilizochemshwa, zikasagwa, kisha zikakaangwa taratibu kwa sukari na mafuta, na katikati ya rojo hilo huzikwa kiini kimoja au viwili vya yai la bata lililohifadhiwa kwa chumvi, ili keki inapokatwa kiini kionekane kama mwezi. Keki hubanwa katika kalibu iliyochongwa maandishi ya heri, na ikishaokwa huachwa siku 2 au 3 ili mafuta ya ndani yapenye kwenye ganda na kulilainisha. Ikiliwa ikiwa imetoka tu jikoni, ganda huwa kavu na hubomoka, na wengi wanaojaribu kuipika nyumbani huishia kulaumu kipimo cha unga ilhali kilichokosekana ni subira ya siku hizo mbili.

Uzito wake ndio unaoamua kila kitu kinachofuata. Keki moja ya kawaida huwa na gramu zipatazo 180 na nishati ya kalori kati ya 700 na 900, kiasi kinachotosha kuwa mlo mzima, na kwa sababu hiyo haikukusudiwa kuliwa na mtu mmoja. Hukatwa vipande 4 au 8, kila mtu akachukua kimoja, na mazungumzo yakaendelea. Mwenyeji anayempa kila mgeni keki yake nzima amewatwika mzigo, hata kama nia yake ni ukarimu. Tena, zile zinazoandikwa kuwa hazina sukari hazimfai mgonjwa wa kisukari kwa sababu ya maandishi hayo tu, kwa kuwa wanga na mafuta vimebaki palepale.

Chai inayoiweza keki ya namna hii ni pu'er iliyoiva, kutoka mkoa wa Yunnan. Majani yake hurundikwa, yakanyunyiziwa maji na kuachwa yachachuke kwa wiki kadhaa, njia iliyokamilishwa katika kiwanda cha Kunming mwaka 1973, na matokeo yake ni kinywaji cheusi chenye ladha ya udongo na mbao, kisicho na ukali, kinachokata mafuta bila kushindana na utamu. Hutiwa maji yanayotokota. Ya kwanza husuuzia majani na kumwagwa, kisha majani yaleyale hutiwa maji tena na tena jioni nzima. Katika mikahawa ya Hong Kong na Guangzhou huchanganywa na maua makavu ya krisanthemu, na mchanganyiko huo ndio ninaoupendelea kwa meza yenye watu wa rika mbalimbali, kwa sababu harufu ya maua huwavuta wale ambao pu'er tupu ingewatisha.

Mpinzani wake wa karibu ni Tieguanyin, chai ya kundi la oolong, yaani iliyochachuliwa nusu, kutoka Anxi katika mkoa wa Fujian. Hapa mnunuzi awe mwangalifu, maana Tieguanyin huuzwa kwa sura mbili: ile ya kijani yenye harufu ya maua mabichi, na ile iliyokaushwa kwa moto hadi ikawa ya kahawia. Ya kijani hupotea kabisa mbele ya kiini cha yai chenye chumvi. Iliyopitishwa kwenye moto husimama imara, na ladha yake ya nafaka iliyokaangwa huungana vizuri na rojo la yungiyungi. Longjing, chai ya kijani maarufu ya Hangzhou, naona ni hasara katika meza hii. Ni chai ya masika, nyepesi, inayotaka maji ya nyuzi 80 hivi na kinywa kisicho na mafuta, na bei yake haimruhusu mtu kuitumia kama kisafishio. Yasmini ipo katikati: inafaa keki nyepesi, haifai keki nzito.

Asiyepata hata moja kati ya hizo hajakwama. Chai nyeusi ya Kericho, Mufindi au Rungwe, ikitengenezwa kavu, bila maziwa wala sukari, ina ukakasi wa kutosha kuikabili keki ya yungiyungi, na kwa maoni yangu inaishinda chai yoyote ya kijani iliyokaa dukani miaka miwili. Jambo la kuepuka ni maziwa, kwa kuwa huufunga ukakasi uleule uliohitajika, na mafuta yake hujumlishwa na mafuta ya keki.

Keki nyingine za China zisizofanana na hiyo

Anayedhani kwamba keki ya mwezi ni ya Guangdong tu hukosa chaguo ambazo pengine zingemfaa zaidi. Suzhou na Shanghai hutengeneza keki yenye ganda la tabaka nyembamba zinazopukutika, iliyojazwa nyama ya nguruwe iliyosagwa na kutiwa viungo, na huliwa ikiwa ya moto, mara nyingi karibu na foleni ileile ilikonunuliwa. Yunnan hutia paja la nguruwe la Xuanwei lililokaushwa, pamoja na asali. Zote mbili ni nzuri kwa anayekula nyama hiyo, lakini humwondoa msomaji Mwislamu moja kwa moja, na hata kwa asiye Mwislamu ni chakula zaidi kuliko kitafunio cha chai.

Keki baridi yenye ngozi laini, iliyoenea kutoka Hong Kong, haiokwi. Ngozi yake ni ya unga wa mchele unaonata, hukaa kwenye friji, na hujazwa custadi, matunda, au rojo la choroko. Vijana wanaipenda kwa rangi zake. Wazee wengi huiona ni peremende iliyovaa jina la keki. Inastahimili yasmini na chai za kijani, na ndiyo pekee katika familia ya Kichina ambayo ningethubutu kuiandalia Longjing.

Chaguo linalosahaulika, na ambalo kwangu ni bora kwa mpenda chai asiyetaka kutoka nje ya China, ni la Chaozhou, mashariki mwa Guangdong. Keki yao huwa na ganda la tabaka zilizosokotwa na kijazo cha magimbi yaliyopondwa, na mji wenyewe ndio makao ya ile namna ya kuandaa chai kwa buli dogo na vikombe vidogo, majani mengi na maji machache, ambayo China iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa taifa mwaka 2008. Chai yao ni Dancong, oolong ya Mlima Fenghuang, ambayo miti yake hutofautishwa kwa harufu: kuna inayofanana na okidi, kuna inayofanana na lozi, na kadhalika. Kwa gramu 6 au 7 za majani katika chombo cha mililita 100, chai hiyo huwa kali mwanzoni, ikafuatiwa na utamu unaopanda kooni. Hapa keki na chai vimelingana nguvu. Kikwazo ni kwamba ganda hilo kwa jadi hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo lazima muuzaji aulizwe, na nje ya maeneo wanakoishi watu wa Chaozhou, kama Bangkok au Penang, si rahisi kuipata.

Japani: meza nyepesi, chai nzito

Japani iliupokea usiku huu kutoka China ya nasaba ya Tang, na watu wa makasri ya enzi ya Heian wakaufanya kuwa shughuli ya mashua, mashairi na muziki. Hadi leo watu hupanda mashua katika bwawa la Osawa, kwenye hekalu la Daikakuji mjini Kyoto, ili kuuona mwezi juu ya maji. Nyumba ya kawaida haihitaji mashua. Inahitaji vidonge 15 vya unga wa mchele, viitwavyo dango, vilivyopangwa juu ya kigoda cha mbao, 9 chini, 4 katikati na 2 kileleni, pamoja na mashina ya nyasi ya susuki, ambayo mashuke yake husimama badala ya masuke ya mpunga usiovunwa bado, na magimbi mapya. Huwekwa mahali mwezi unapopafikia, kisha huliwa. Kyoto na Osaka huvifinyanga vidonge viwe virefu kama gimbi na kuvizungushia rojo la maharagwe mekundu madogo.

Anayeonja dango peke yake baada ya kuzoea keki ya Guangdong anaweza kudhani kwamba mpishi amesahau kitu. Hakina mafuta, karibu hakina sukari, na ladha yake ni ya mchele uliochemshwa. Utamu huletwa na kinachowekwa juu: rojo la maharagwe mekundu, unga wa soya uliokaangwa na kuchanganywa na sukari, au mchuzi mzito wa soya na sukari. Upungufu huo ndio unaoiachia chai nafasi. Macha, yaani chai ya kijani iliyosagwa ikawa unga laini, hupigwa kwa mchapo wa mwanzi hadi itoe povu, gramu 2 kwa mililita 70 za maji ya nyuzi 80 hivi, na hunywewa bila sukari. Uchungu wake ungegongana vibaya na kiini cha yai chenye chumvi, lakini juu ya maharagwe matamu hutulia na kuacha ladha ndefu ya majani mabichi. Ikiwa kuna usiku mmoja katika mwaka wa kununulia macha nzuri ya Uji, mji ulio karibu na Kyoto, ni huu.

Kwa upande mwingine, macha hunywewa pamoja na jani lake lote, kwa hiyo kafeini yake ni nyingi, na sikukuu ni ya usiku. Familia yenye watoto, au yenye mzee anayekosa usingizi, itumie hojicha, ambayo ni majani ya kijani yaliyokaangwa hadi yakawa ya kahawia. Ina kafeini kidogo zaidi, inanukia vizuri, haichachuki mdomoni, na bei yake ni nafuu. Vidonge nao vikatwe vidogo kwa watoto na wazee, kwa sababu mchele unaonata unaweza kumkaba mtu.

Vietnam, kwa walio na watoto

Vietnam sikukuu hii ni ya watoto kuliko mahali pengine popote. Kuna fanusi za karatasi zenye umbo la nyota, ngoma ya simba barabarani, na sinia ya matunda ambayo balungi lake humenywa na kupangwa likaonekana kama mbwa mdogo mwenye manyoya. Katika sinia hiyo keki huwa za aina mbili, na kuziweka pamoja ni sehemu ya desturi. Ya kuokwa, bánh nướng, ni ndugu wa keki ya Guangdong, ingawa kijazo chake cha jadi ni mchanganyiko wa mbegu za yungiyungi, ufuta, soseji, mafuta ya nguruwe yaliyotiwa sukari na majani ya mlimau yaliyokatwa nyembamba, kwa hiyo utamu na chumvi hukutana katika kila tonge. Nyeupe, bánh dẻo, haiokwi: unga wa mchele unaonata hukaangwa mkavu, kisha hukandwa kwa shira baridi na maji ya maua ya balungi, ukabanwa katika kalibu. Ni tamu sana, huenda tamu kuliko zote zilizotajwa hapa, lakini harufu yake huibeba.

Chai yake ni ya yungiyungi. Hanoi, karibu na Ziwa la Magharibi, maua huvunwa alfajiri kabla hayajafunguka, na vile vichembe vyeupe vilivyo kwenye ncha za stameni hupukutishwa na kutandazwa juu ya chai ya kijani, kazi inayorudiwa mara kadhaa. Kilo moja ya chai huhitaji maua elfu moja au zaidi, na bei inaeleza taabu hiyo. Namna nafuu ni ile ya kuijaza chai ndani ya ua zima, kulifunga na kuliacha usiku mmoja. Ikilinganishwa na yasmini ya Kichina, harufu ya yungiyungi ni pole zaidi na haimfuati mtu hadi asubuhi. Pamoja na bánh dẻo inafanya kitu ambacho sijakiona katika desturi nyingine: harufu mbili za maua, moja ya maji na moja ya mti, bila moja kuizima nyingine. Aliyeko Ghuba au kwenye mji wenye maduka ya Waarabu anaweza kutumia maji ya maua ya mchungwa badala ya yale ya balungi, maana miti hiyo ni ya jamii moja na harufu zake zinakaribiana.

Korea inafaa wasiotaka kafeini

Chuseok ya Korea ni sikukuu kubwa ya kitaifa yenye siku tatu za mapumziko, lakini uzito wake uko asubuhi, wakati familia inapowaandalia wahenga chakula cha mpunga mpya na kwenda kwenye makaburi. Kitafunio chake, songpyeon, ni cha unga wa mchele, chenye umbo la nusu mwezi, kilichojazwa ufuta na sukari, maharagwe au asali, na kupikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari ambayo hukiachia harufu yake. Kuvifinyanga ni kazi ya familia nzima. Chai ya kijani ya Boseong au Hadong inaweza kuletwa, na hakuna atakayeikataa, ila kinywaji kinachoendana na siku hiyo ni sikhye, maji matamu ya mchele na kimea cha shayiri, au sujeonggwa, maji baridi ya tangawizi na mdalasini yenye tunda la kaki lililokaushwa. Kwa anayetaka hasa sherehe ya chai, Korea si jibu. Kwa asiyetumia kafeini, inazishinda zote.

Jikoni, sokoni na halali

Suala la muda hutenganisha desturi hizi kwa ukali kuliko ladha. Keki ya Guangdong ina sukari nyingi na maji machache, hukaa wiki kadhaa, inaweza kununuliwa mapema, kusafirishwa na kutolewa zawadi. Bánh dẻo hukaa siku chache. Keki ya nyama ya Suzhou ni ya siku hiyohiyo. Dango na songpyeon huanza kuwa ngumu baada ya saa chache tu, na friji huziharibu haraka zaidi, ingawa songpyeon hufufuka ikirudishwa kwenye mvuke. Mtu anayerudi kazini saa kumi na mbili jioni na hana wa kumsaidia anunue keki. Mwenye alasiri nzima, unga wa mchele na sufuria ya maji yanayochemka ana uwezo wa kutengeneza dango bila kalibu, bila jiko la kuokea na bila kutafuta kiungo cha ajabu, kwa gharama iliyo ndogo kuliko ya keki moja ya kifahari.

Kuhusu ufahari huo, boksi la keki huko China lilifika mahali ambapo mnunuzi alilipia zaidi sanduku kuliko kilichomo. Mwaka 2022 serikali ilipunguza tabaka za vifungashio zinazoruhusiwa kutoka 4 hadi 3 na kuyaweka chini ya uangalizi maalumu maboksi yenye bei inayozidi yuani 500. Mnunuzi wa kawaida asikubali kuvutwa na hariri na sumaku; boksi la bati lenye keki nne ndilo linalotosha familia, na bati hubaki kuwa la kuhifadhia majani ya chai.

Mwislamu anahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa kuwa jina la kijazo halitoshi. Keki ya yungiyungi inaweza kuwa imekaangwa kwa mafuta ya nguruwe hata kama haina nyama. Ile ya karanga na mbegu tano huenda ikawa na paja la nguruwe. Keki baridi nyingine hutiwa pombe. Na mchuzi wa soya unaomwagwa juu ya dango mara nyingine huwa na mirin, ambayo ni mvinyo mtamu wa mchele. Njia salama ni keki zenye alama ya halali ya Malaysia, ambazo hupatikana kwa wingi nchini humo, au zile za maduka ya Wachina Waislamu yenye alama yao ya chakula safi. Anayepika mwenyewe ana amani zaidi: dango kwa rojo la maharagwe, songpyeon ya ufuta, na bánh dẻo ya choroko hazihitaji kitu chochote cha kutilia shaka.

Kuzichanganya desturi

Si lazima mtu abaki na nchi moja, ingawa mpangilio una maana yake. Anayetaka kuonja Japani na China katika jioni moja aanze na dango na macha wakati mwezi unachomoza na kinywa kingali kitupu, kisha aweke pu'er na keki ya yungiyungi kadiri usiku unavyoendelea. Akipindua, macha itakuwa chungu tu, kwa sababu mafuta na chumvi ya yai huufunika ule upande wake mtamu. Balungi linafaa kati ya awamu hizo mbili. Vietnam na Guangdong, kwa upande mwingine, sizishauri pamoja mezani, maana shira mbili nzito humchosha mgeni kabla ya saa tatu usiku, na chai ya yungiyungi hupotea kwenye kelele hiyo.

Atakayechelewa, au ambaye mawingu yatamnyima mwezi tarehe 25 Septemba, bado ana usiku mmoja ambao nchi nyingine tatu hazina. Wajapani huutazama mwezi mara ya pili tarehe 13 ya mwezi wa tisa, ambayo mwaka 2026 ni tarehe 23 Oktoba, ukiwa bado haujajaa kabisa, na wengine huamini kwamba kuuangalia mmoja na kuuacha wa pili huleta mkosi. Usiku huo vidonge huwa 13, magimbi huondolewa, na mahali pake huwekwa chestinati na maharagwe mabichi ya soya yaliyochemshwa na chumvi, ambayo kwayo hojicha hufaa kuliko macha.